Mwaka Ambao Hawakunywa Chai Yangu

Sahra amezikwa Jumamosi. Binti yake alinipigia simu kutoka Eastleigh nikiwa jikoni mwa hoteli yangu hapa Isiolo, mikono imejaa unga wa chapati, akaniambia, "Salaam aleikum, Mama Khadija. Mama ametutoka." Nikasema yale tunayosema, nikauliza maziko ni lini, nikaweka simu chini na kuendelea kusukuma chapati kwa sababu wateja walikuwa wameshakaa. Machozi yalinijia baadaye nikiwa naosha sufuria, na yalinishangaza. Sahra alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu Yusuf, na kwa sehemu kubwa ya mwaka mmoja wa ujana wangu aliamini kwa moyo wake wote kwamba nilikuwa namuua mama yake kwa sumu. Hatukuwahi kulizungumza hilo tena. Sitaeleza hapa jinsi msichana wa Kimeru alivyoolewa mtaa wa Bulapesa katika nyumba ya Wasomali wenye malori, wala jinsi Kanana alivyogeuka kuwa Maryam. Nataka kuueleza ule mwaka tu, kwa kuwa sasa nimebaki peke yangu ninayeukumbuka.

Ulikuwa mwaka wa ukame, themanini na nne. Ng'ombe kutoka upande wa Kipsing waliletwa hadi ukingoni mwa mji na wengine wakaangukia hapohapo barabarani, mpaka ukienda sokoni unaziba pua kwa leso. Mahindi meupe yalikwisha madukani, serikali ikaleta mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na mji mzima ukayatazama mahindi hayo kwa jicho baya. Wengine walisema ni chakula cha farasi. Wengine walisema yamewekwa dawa ya kuzuia uzazi. Mama mkwe wangu, ambaye nilimwita Hooyo kama wanawe walivyomwita, alikataa kabisa yasiingie nyumbani kwake, kisha watoto wa jirani walipoyala na wasife, akakubali. Mimi ndiye niliyeyapika. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya mabati vilivyozunguka ua, na jiko lilikuwa kibanda pembeni, na toka niolewe kibanda hicho kilikuwa changu: anjera ya asubuhi, ile chapati laini ya Kisomali, chai ya tangawizi na iliki, wali wa mchana, nyirinyiri, vipande vidogo vya nyama vilivyokaangwa kwa mafuta yake, tulipoipata. Hakuna kitu kilichoingia kinywani mwa Hooyo ambacho hakikupitia mikononi mwangu. Wakati huo niliona ni heshima.

Alianza kwa kuwashwa. Alikuwa akikaa mkekani sebuleni akijikuna mikono na miguu mpaka ngozi inatoka unga, na hakukuwa na kipele hata kimoja. Kisha nyirinyiri, aliyoipenda kuliko chakula chochote, ikaanza kumchefua. Siku moja alikula vipande viwili akakimbilia uani na kutapika vyote. Sahra, aliyekuwa ameachika na kurudi kuishi nasi, alikuwa anaanika nguo. Alimtazama mama yake, kisha akageuka akanitazama mimi niliyesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Juma lililofuata Hooyo alinishika mkono akaninong'oneza, kwa aibu, kwamba mkojo wake umekuwa kama turungi, chai isiyo na maziwa, na choo kimekuwa cheupe kama udongo wa kupaka ukuta. Nami nilipomtazama usoni pale kwenye mwanga wa mlango, niliona weupe wa macho yake umegeuka. Ulikuwa njano kama yale mahindi.

Kwa siku za mwanzo mji mzima ulilaumu mahindi, nami nililala vizuri. Lakini sote tulikula mahindi yale na aliyegeuka rangi alikuwa mmoja. Hospitali ya hapa walisema ni ini limepata homa, wakampa vidonge na kumwambia apumzike. Hakupata nafuu. Akaitwa mzee mmoja kutoka Korbesa aliyejulikana kwa kutibu ugonjwa wa manjano, akamchoma kwa kijiti cha moto kwenye viganja na juu ya tumbo, nasi tukamshika. Hooyo hakulia. Vidonda vilipona na manjano ikazidi. Mzee yule alipokuwa anaondoka nilimsikia akimwambia Sahra uani, "Mimi nikichoma na mtu hapati nafuu, basi hiyo si ya Mungu. Hiyo ni ya mtu." Nadhani alikuwa anatetea kazi yake tu. Hakujua mimi ni nani wala kwamba nilikuwa nyuma ya ukuta wa mabati nikichambua mchele. Leo namwelewa. Mtu akishindwa kupata jibu, humtafuta mwenye kosa, na mwenye kosa huwa yule aliyetoka mbali.

Nami nilikuwa na kitu nilichokificha. Miaka mitatu ya ndoa na sikuwa nimepata mtoto. Mama yangu alikuwa amenipa maganda ya mti fulani, niyachemshe na kunywa kwa ajili ya tumbo langu, nami niliyaweka katika mkebe wa kakao nyuma ya gunia la makaa kwa sababu niliona haya. Sahra aliupata. Aliingia sebuleni nilipokuwa nampa Hooyo uji, akauweka mkebe ule mkekani katikati yetu.

"Hii ni nini, Maryam?"

"Ni dawa yangu, wifi. Ya mtoto."

"Dawa yako. Na inakaa jikoni karibu na sukari?"

"Nilikuwa naona aibu."

"Ati aibu. Kwani wewe umempea Hooyo nini?"

Niliapa. Niliapa kwa Mwenyezi Mungu, nikachemsha maganda yale mbele yao na kuyanywa, lakini Sahra alisema kwamba sumu ya Wameru humtambua aliyelengwa. Hooyo alikuwa ameufumba mdomo na macho yake ya njano yalikuwa yanautazama uji. Hakuumaliza. Toka siku hiyo Sahra ndiye aliyepika, nami nikawa nafua nguo na kuteka maji. Jirani mmoja aliyekuwa akija kila alasiri kunywa chai yangu akawa anapita mlangoni akisalimu tu. Na Yusuf aliporudi safari ya Moyale, nikamtengenezea kikombe chake kama kawaida, alikishika, akakipuliza, akakiweka chini. "Nimeshiba," akasema. Alikuwa njiani siku nzima. Niliishi na mwanaume yule zaidi ya miaka thelathini baada ya hapo, nikamzalia Khadija na wadogo zake, nilimuuguza na kumlilia, na bado nikifumba macho nakiona kile kikombe kikipoa.

Ukuta kati ya chumba chetu na cha Sahra ulikuwa bati moja. Alasiri moja nikiwa nimejilaza niliwasikia upande wa pili. "Mpe talaka kabla hajatumaliza sote," Sahra alisema. Nilingoja Yusuf aseme kwamba ananijua, kwamba siwezi. Hatimaye akasema, "Tungoje daktari." Huo ndio uliokuwa utetezi wangu wote. Ndoa yangu, jina langu, pengine hata shingo yangu, vyote viliwekwa kwa daktari ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemjua.

Tulienda Nairobi kwa lori la Yusuf, Hooyo akiwa mbele kati yake na Sahra, mimi nyuma juu ya magunia. Kwenye kizuizi cha polisi hapo Isiolo askari aliwaangalia vitambulisho, kisha akaniangalia mimi, akaniuliza kwa Kimeru kama nimetekwa. Nilimwambia hapana, huyo ni mama yangu. Alicheka. Nairobi tulifikia Eastleigh kwa ndugu zao, katika chumba kimoja chenye mapazia mazito, ambako Sahra alikuwa ameshapeleka habari za mkebe. Nilijua kwa sababu sahani yangu ililetwa peke yake, na hakuna aliyenikaribisha jikoni.

Katika hospitali kubwa tulipelekwa kwa daktari ambaye wagonjwa walimwita Daktari wa Mpira. Alikuwa na mpira mrefu mweusi wenye taa mbele, aliouingiza mdomoni mwa mgonjwa, ukapita tumboni mpaka unapoanzia utumbo. Alituchorea kwa kidole juu ya meza. Ini hutengeneza nyongo, alisema, na nyongo hupita katika mfereji mwembamba kama mrija mpaka kwenye utumbo. Mfereji ukizibwa, nyongo hurudi damuni, ndiyo maana mama ni njano, ndiyo maana anawashwa, ndiyo maana choo ni cheupe. Kwa mpira ule angepenyeza dawa katika mfereji, apige eksirei na kuona umezibwa na nini. Sahra alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua mkoba wake na kutoa mkebe wa kakao.

"Daktari, angalia hii kwanza."

Alifungua, akanusa, akaniangalia mimi bila kuambiwa ni wa nani. Nadhani nilikuwa nimekaa kama mshtakiwa. "Hii siijui," alisema. "Iacheni hapa. Tutazame mfereji kwanza."

Siku ya kipimo Sahra aliingia na mama yake, Yusuf akaenda kuangalia lori, nami nikabaki kwenye benchi la korido palipokuwa na harufu ya spiriti na chai ya maziwa ya wauguzi. Nilimsikia Hooyo akikohoa na kuita jina la Mungu, kisha kimya. Sahra alipotoka uso wake ulikuwa umepauka. Alisahau kwa dakika chache kwamba alinichukia, akakaa karibu yangu. "Wamemwingiza mpira kama ule wa kuvuta petroli," akasema. "Wakapitisha kibrashi kidogo ndani yake, kama cha kusafishia chupa." Kisha akakumbuka, akasogea mbali.

Majibu yalipotoka tuliingia wote watatu. Daktari alikuwa amebandika picha ya eksirei kwenye kisanduku cha taa. Niliuona mfereji wenyewe, mweupe, umevimba kama mto wakati wa mafuriko, halafu mahali pamoja ukanywea ghafla ukawa kama uzi. "Hapa ndipo palipokazwa," alisema. "Nilipitisha brashi hapo nichukue chembechembe, nikazipeleka maabara. Maabara hawakuona saratani."

"Alhamdulillahi," alisema Yusuf.

Sahra hakumshukuru Mungu. Aligeuka kwangu polepole. "Kama si saratani, ni nini basi?"

Sijawahi kuogopa kama siku ile. Habari njema ya Hooyo ilikuwa hukumu yangu. Nilimwona Yusuf akishusha macho yake kwenye viatu vyake, nikajua kwamba tukitoka mle ndani sina mume.

"Mama, nisikilize," Daktari wa Mpira alimwambia Sahra. "Sikusema hakuna saratani. Nimesema hawakuona. Picha inaniambia jambo moja, maabara inaniambia lingine, na mmoja wao anakosea."

"Na mkebe?"

"Sijasema maganda haya ni mazuri. Dawa ya kuchemsha inaweza kuharibu ini, lakini ingeliharibu lote. Haiwezi kuukaza mfereji mahali padogo hivi na kuuacha wazi kwingine. Wewe unashuku, hata mimi nashuku. Lakini sasa hivi mimi nashuku kazi yangu mwenyewe. Nataka kurudia."

Yusuf alisita kumrudisha mama yake kwenye mpira. Sahra alikubali haraka, akiwa na hakika kwamba safari hii sumu itajitokeza. Hooyo mwenyewe, alipoulizwa kitandani, alisema, "Warudie. Nami nataka kujua ni nani." Hakusema ni nini. Alisema ni nani. Nililisikia neno hilo, nikaenda kusimama dirishani nikitazama wagonjwa wakiota jua kwenye nyasi.

Tulikaa Eastleigh tukingoja nafasi nyingine, nami sikumbuki kama kuna siku nilikula nikashiba. Nilitoka mwenyewe kununua mkate dukani na kuula nikiwa nimesimama uani. Siku ya kipimo cha pili niliona mambo yamebadilika. Daktari wa maabara, mama mnene mwenye miwani, aliteremka mwenyewe kutoka ghorofani na sinia la vioo na chupa ya spiriti, akaingia chumbani na kufunga mlango. Baadaye tulielezwa. Mara ya kwanza brashi ilipita mara moja tu, chembechembe zikapakwa kwenye kioo na kuachwa mpaka mtu wa kuzipeleka apatikane, zikakauka njiani, zikawa hazisomeki. Maabara walitazama kioo kibovu wakaandika kwamba hawakuona kitu. Safari hii brashi ilipitishwa tena na tena, kikatumika na kikoleo kidogo kunyofoa kipande cha nyama mahali penyewe huku wakiangalia kwenye eksirei, na kila kilichotoka kiliingia spiriti palepale, mikononi mwa yule atakayekisoma. Kabla ya kuutoa mpira, daktari aliacha kijirija cha plastiki ndani ya mfereji ili nyongo ipite.

Alituita tena. Yule mama wa maabara alikuwa amekaa naye. "Ni saratani ya mfereji wa nyongo," daktari alisema. "Imeonekana kwenye brashi, na imeonekana kwenye nyama. Imeshapanda juu kuelekea ini, hatuwezi kuikata. Hakuna mtu aliyemfanyia hivi." Alisema maneno hayo ya mwisho akimtazama Sahra, kwa upole. Yule mama wa maabara akaongeza kwamba kuanzia sasa atakuwa akiteremka kwa kila mgonjwa wa namna hii, kwani hajui ni wangapi waliorudishwa nyumbani kwa kioo kilichokauka.

Kilichonijia kwanza kilikuwa furaha. Ilinipanda kutoka tumboni, nikashika kiti nisisimame. Halafu nikamsikia Sahra akilia, kilio cha mtoto, nikakumbuka tunazungumza habari za kifo cha nani. Yusuf alinigusa bega. Nilimwacha aguse. Mkebe wa kakao ulikuwa bado juu ya kabati la daktari tulipoondoka, na hakuna aliyeuulizia.

Tukarudi Isiolo. Kijirija kilifanya kazi; manjano ilipungua machoni, Hooyo akaacha kujikuna, na majirani wakaja kumpongeza kwa kupona. Yusuf na Sahra walikuwa wamekubaliana kumficha. Walimwambia ni mawe tu ya nyongo na yameondolewa. Wakaniomba na mimi nifunge mdomo, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu mkebe kwa Sahra kuniomba kitu. Kwa hiyo sasa kushuku kukahamia kwa Hooyo. Niliona anavyowatazama wanapocheka kupita kiasi. Niliona anavyoacha kuzungumza Sahra akiingia na kumchunguza mkono unaomimina maziwa. Asubuhi moja Yusuf amesafiri na Sahra yuko sokoni, aliniita nikamkande miguu.

"Funga mlango," alisema. "Wale ni watoto wangu, watanidanganya kwa sababu wananipenda. Wewe ugonjwa wangu ndio uliokuosha lawama. Niambie huo ugonjwa ni gani."

Niliendelea kumkanda. Nilifikiria ahadi yangu kwa Sahra. Kisha nikafikiria ilivyo kuishi nyumbani ambamo kila mtu anajua jambo lako na hakuna anayekuambia.

"Ni saratani, Hooyo. Kile kijirija kimefungua njia tu. Yenyewe ipo."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Midomo yake ikasogea kwa dua. Kisha akasema, "Mimi pia nilikushuku, Maryam. Kabla ya Sahra. Chai yako nilikuwa naimwaga chini ya mwarobaini."

"Nilijua, Hooyo." Sikuwa nimejua. Nilisema hivyo ili asibaki na jambo jingine la kubeba.

"Nataka chakula cha kwenu. Kile mnachoponda."

Alikuwa akikidharau chakula hicho, mukimo, tangu nilipoolewa, akikiita chakula cha watu wasio na meno. Kesho yake nilikwenda sokoni mapema nikatafuta viazi, mahindi na majani ya malenge, vitu vilivyokuwa adimu mwaka ule, na Sahra alipotoka nikaingia kibandani kwangu nilikokuwa sijapika kwa miezi, nikapika na kuponda mpaka mkono ukauma. Nilimlisha kwa kijiko. Alikula cha kwanza, akala cha pili, akasema ni laini. Baada ya cha tatu tumbo lake likakataa, akatapika vyote kwenye shuka na kwenye nguo yangu, na nilipoinua macho, Sahra alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha soko.

Sikuweza kusogea. Nilikuwa na bakuli mkono mmoja na kijiko mkono mwingine, na chakula kilichopikwa nami kilikuwa kimetapakaa kitandani mwa mama yake. Hooyo alikuwa amefumba macho, akihema. Nilingoja neno.

Sahra aliweka kikapu chini. "Lete maji," aliniambia, na sauti yake haikuwa na kitu. Nilileta. Tulimgeuza pamoja, tukamwosha, tukabadilisha shuka, yeye upande mmoja mimi upande mwingine, mpaka Hooyo akasinzia. Ndipo Sahra akakaa mkekani, akavuta lile bakuli la mukimo lililobaki, akachukua kijiko kilekile, akaanza kula. Alikula polepole, bila kuniangalia, machozi yakimdondoka, mpaka chini ya bakuli pakaonekana. Kisha akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Imekosa chumvi," alisema.